SOMO LA KUMI NA NNE: PA KULALA WAKATI WA MAFUNZO YA MGAMBO

Ndugu wanakisomo, katika somo lililopita tulisoma stakabadhi ya pamba. Tuliona kilo, bei na jumla. Leo tutasoma stakabadhi ya namna nyingine. Hii ni stakabadhi ya kodi ya chumba. Tutaanza na watu wanaoihitaji sana, yaani vijana wetu wanaokwenda mjini kwa mafunzo ya mgambo.

Jeshi la Akiba, ambalo wengi tunaliita mgambo, si jambo geni kwetu. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulisema kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma wote. Baada ya hapo mafunzo ya mgambo yalienea vijijini na mahali pa kazi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Wanamgambo wengi waliitwa, wakaenda vitani pamoja na askari wa JWTZ, mpaka vita ilipokwisha mwaka 1979. Wazee wengine wa darasa hili wanaikumbuka siku ile watu walipopanda malori. Waulizeni, watawaeleza vizuri kuliko kitabu.

Siku hizi mafunzo ya mgambo bado yanaendelea katika wilaya. Husimamiwa na mshauri wa mgambo wa wilaya. Vijana hufundishwa kwata, kutumia silaha, kusoma ramani, huduma ya kwanza, kuzima moto na sheria. Mara nyingi mafunzo huchukua wiki 16, yaani karibu miezi minne. Wanaohitimu huweza kuitwa kulinda nchi. Wengi pia hupata kazi ya ulinzi katika makampuni na ofisi.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hulichanganya. Mgambo si JKT. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Kijana anayechukuliwa na JKT hupelekwa kambini, kama kambi ya Rwamkoma katika mkoa wa Mara au Bulombora katika mkoa wa Kigoma. Kule hulala bwenini na hula chakula cha kambi. Hatafuti chumba. Mwanamgambo ni tofauti. Yeye huhudhuria mafunzo, kisha hurudi nyumbani kwake. Kama nyumbani kwake ni mbali, hana budi kujitafutia pa kulala na chakula mwenyewe. Hakuna bweni linalomngoja.

(Neno moja kando. Wapo watu wanaopita vijijini wakisema wanauza nafasi za JKT. Nafasi za JKT hutangazwa wazi na haziuzwi. Anayeomba pesa kwa ajili ya nafasi ni mwizi. Mpelekeni kwa afisa mtendaji wa kijiji.)

Hesabu kabla ya safari

Tuchukue mfano wa kijana wa Nkololo au Gambosi. Ana mke na watoto wawili. Ameuza pamba yake na ana akiba kidogo. Anasikia kwamba mafunzo yatafanyika mjini Bariadi. Anataka kwenda. Kitu gani afanye kwanza?

Wengi hufunga mfuko, wakapanda gari, wakafikiri mambo mengine yatajulikana mbele ya safari. Usiku wa kwanza hulala gesti. Usiku wa pili vilevile. Tuseme gesti ya bei nafuu ni shilingi 10,000 kwa usiku. Usiku mmoja si neno. Lakini wiki 16 zina usiku 112. Zidisha:

10,000 × 112 = 1,120,000

Hiyo ni shilingi milioni moja na laki moja na ishirini elfu. Hiyo ni bei ya ng'ombe. Kijana hawezi kulipa kiasi hicho. Baada ya wiki chache fedha humwishia, naye huacha mafunzo katikati. Hurudi kijijini bila cheti na bila fedha ya pamba. Wakati mwingine huwa tayari amekwisha nunua sare na buti. Nyumbani mke hajui la kusema, na watoto wanataka madaftari.

Ndiyo maana hesabu hufanywa nyumbani, mume na mke wakiwa pamoja. Chukueni karatasi. Andikeni upande mmoja fedha mliyo nayo. Upande wa pili andikeni mahitaji: nauli, kodi ya chumba, sare na buti, chakula, sabuni, na akiba ya ugonjwa. Kisha andikeni mambo ya nyumbani yanayobaki: chakula cha watoto, mahitaji ya shule, na palizi. Kama mafunzo yanaangukia miezi ya Desemba na Januari, pamba itahitaji kupaliliwa na mtu mmoja atakuwa hayupo. Je, ni nani atakayeshika jembe lake? Kumlipa kibarua nako ni gharama ya mafunzo, ingawa haionekani mjini.

Bei tunazotaja katika somo hili ni za mfano tu. Mwalimu aulize bei za mwezi huu, aziandike ubaoni badala ya hizi. Njia ya kukokotoa ni ileile.

Kukaa kwa ndugu

Wasukuma tuna ndugu wengi, na mjini Bariadi hakosekani mtu wa ukoo. Watu wa Itilima, Maswa na Meatu nao wana jamaa zao pale. Tangu Bariadi ilipokuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, watu wengi zaidi wamehamia. Kwa hiyo wazo la kwanza la kila kijana ni kwenda kwa shangazi, mjomba au kaka.

Wazo hili ni zuri. Lakini yafaa litengenezwe. Nyumba ya mjini si boma la kijijini. Pengine mjomba amepanga vyumba viwili, naye ana watoto watano. Maji ananunua kwa ndoo. Umeme ananunua kidogo kidogo. Kila mtu anayeongezeka huongeza gharama, ingawa mjomba ataona haya kusema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na wewe hukai siku tatu. Unakaa miezi minne.

Basi usifike ghafla. Piga simu mapema au tuma mtu. Eleza muda wote wa mafunzo, tangu mwanzo hadi mwisho. Usiseme "siku chache" ukijua ni wiki 16. Uliza kama nafasi ipo, na mwache mwenye nyumba aweze kukataa bila aibu. Ukikubaliwa, nenda na gunia la mahindi, na michembe, na matobolwa, na choroko. Chakula hiki mjini kina bei, lakini kwako kimetoka shambani. Kila mwezi changia maji na mkaa, hata kama kiasi ni kidogo. Jioni ukirudi kwata, chota maji. Shangazi hatakuomba. Lakini ataona.

Kama unaona nyumba ya ndugu imejaa, sema ahsante utafute chumba. Undugu unaovunjika kwa sababu ya godoro huchukua miaka kurudi.

Kutafuta chumba

Chumba hutafutwa kwa miguu. Nenda mjini siku chache kabla mafunzo hayajaanza. Kwanza uliza kwenye ofisi ya mshauri wa mgambo mafunzo yatafanyika uwanja gani na yataanza saa ngapi. Hili ndilo jambo la kwanza, kabla hujaangalia chumba chochote. Mji wa Bariadi ni mpana. Mtu anaweza kupata chumba rahisi sana upande wa Sima, kumbe uwanja wa mafunzo uko upande mwingine kabisa.

Tazama hesabu hii. Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na cha karibu ni shilingi 24,000. Cha mbali kinaonekana kuwa nafuu. Lakini mafunzo yanaanza saa 12 asubuhi, na hapo si mahali pa kuchelewa. Itakubidi upande bodaboda. Tuseme kwenda ni shilingi 1,000 na kurudi ni shilingi 1,000. Kwa siku tano za wiki ni shilingi 10,000. Kwa wiki 16 ni shilingi 160,000. Chumba cha karibu kwa miezi yote minne ni shilingi 96,000 tu, nawe unakwenda kwa miguu.

Ukijua uwanja ulipo, fika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ulio jirani. Onyesha barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chako. Mwenyekiti wa mtaa anawajua wenye nyumba, wazuri na wabaya. Waulize pia mama lishe, mafundi baiskeli na wenye maduka madogo. Hawa hukaa mahali pamoja siku nzima, nao hujua chumba kilichohamwa jana. Dalali naye atakupata upesi. Kazi yake si haramu, lakini hutaka malipo, na mara nyingi malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa mtu wa miezi minne hiyo ni robo ya kodi yote. Basi jaribu miguu yako kwanza.

Ukionyeshwa chumba, usilipe kabla hujakiona ndani. Kiangalie mchana. Tazama juu: je, unaona mwanga kupitia matundu ya bati? Mvua itapita palepale. Sukuma mlango uone kama kitasa kinafunga. Tazama dirisha kama lina wavu, na kama linafunguka. Nenda chooni, kwa maana choo cha uani hutumiwa na wapangaji wote, na hali yake itakueleza mengi juu ya mwenye nyumba na wapangaji wake. Uliza maji yanatoka wapi na ndoo ni bei gani wakati wa kiangazi. Kisha subiri kidogo, uzungumze na mpangaji mmoja wakati mwenye nyumba hayupo. Muulize swali moja tu: "Hapa mnaishije?" Msikilize.

Watatu katika chumba kimoja

Mwanamgambo hashindi chumbani. Anaondoka alfajiri na kurudi amechoka. Anahitaji pa kulala, pa kuweka nguo na pa kupikia. Kwa hiyo vijana wawili au watatu wanaotoka kata moja wanaweza kupanga pamoja. Wachague wenzao wanaojulikana kwao. Mlevi hata akilipa kodi yake yote ni hasara.

Sasa linakuja tatizo kubwa la wapangaji wa muda mfupi. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja. Mafunzo ni miezi minne. Utafanyaje? Soma mazungumzo haya. Wanakisomo wawili wasome kwa sauti, mmoja awe kijana na mwingine awe mama mwenye nyumba.

Kijana: Mwangaluka, mayu. Shikamoo.

Mama: Marahaba, mwanangu. Karibu.

Kijana: Ahsante, mama. Tumeelekezwa na mwenyekiti wa mtaa. Sisi ni vijana watatu kutoka Nkololo. Tumekuja mafunzo ya mgambo. Tumesikia una chumba.

Mama: Ninacho, kile cha mwisho pale uani. Kodi yake ni elfu ishirini na nne kwa mwezi. Napokea ya miezi sita.

Kijana: Tumekiona, mama. Ni kizuri. Lakini mafunzo yetu ni miezi minne. Miezi miwili itakuwa imekwenda bure.

Mama: Sasa mwanangu, mkitoka kabla ya mwaka kwisha mimi nitampata wapi mpangaji? Chumba kitalala bure.

Kijana: Ni kweli, mama. Tunaomba hivi. Tutakuongeza kila mwezi, iwe elfu ishirini na saba badala ya ishirini na nne. Ya miezi yote minne tunakupa leo, mkononi. Na mwezi wa mwisho ukianza tutakuambia, ili utafute mpangaji mwingine mapema. Hata kumwonyesha chumba utamwonyesha, tukiwepo.

Mama: Mtapika wapi?

Kijana: Nje, mama, pale chini ya paa la jiko.

Mama: Pombe?

Kijana: Hapana, mama. Tunaamka saa kumi na moja.

Mama: Haya. Mje na fedha, na mje na barua ya mtendaji wenu.

Tuone vijana hawa wamepata faida gani. Kodi ya kwanza ilikuwa 24,000 × 6 = 144,000. Kodi waliyokubaliana ni 27,000 × 4 = 108,000. Kodi ya mwezi imepanda, lakini jumla imeshuka kwa shilingi 36,000. Wakigawana watatu, kila mmoja analipa shilingi 36,000 badala ya 48,000. Mama naye hakupoteza. Amepata shilingi 3,000 zaidi kila mwezi, na amepewa muda wa kutafuta mpangaji mwingine. Kijana angesema tu "Punguza, mama," mazungumzo yangekwisha upesi.

Mwenye nyumba mwingine atakataa. Muage kwa heshima, uende nyumba ya pili.

Stakabadhi

Fedha ikitoka mkononi, karatasi iingie mkononi. Mwenye nyumba anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado asafiri, augue, au afariki. Mwanawe akija kesho kusema "Sijui habari zenu," mtaonyesha nini? Na kama mmelipa kwa simu, hifadhini ule ujumbe. Lakini ujumbe wa simu hausemi fedha ile ilikuwa ya nini. Karatasi husema.

Huhitaji karatasi ya wakili kwa chumba cha miezi minne. Karatasi ya daftari inatosha, ikiwa imeandikwa vizuri. Soma mfano huu:

STAKABADHI

Mimi ........................, mwenye nyumba katika mtaa wa ........................, Bariadi, nimepokea shilingi 108,000 (laki moja na elfu nane) kutoka kwa ........................, kwa niaba yake na wenzake wawili. Fedha hizi ni kodi ya chumba kimoja kwa miezi minne, tangu tarehe ............ hadi tarehe ............ Maji na umeme watalipa kama ifuatavyo: ........................

Sahihi ya mwenye nyumba: ............
Sahihi ya mpangaji: ............
Shahidi: ............
Tarehe: ............

Tazameni kwamba fedha imeandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Sababu ni hii: tarakimu hubadilishwa kwa urahisi. Mtu akiongeza sifuri moja, 10,000 inakuwa 100,000. Neno "elfu kumi" haligeuki upesi. Tazameni pia zile tarehe mbili. Tarehe ya mwisho ndiyo inayomlinda mpangaji asitolewe kabla ya wakati, na ndiyo inayomlinda mwenye nyumba mpangaji asing'ang'anie. Andikeni nakala mbili. Kila upande ubaki na yake.

Asiyejua kuandika huweka dole gumba. Lakini kwanza asomewe karatasi yote kwa sauti, mbele ya shahidi. Shahidi mzuri ni mwenyekiti wa mtaa au jirani mwenye heshima. Mkikosana baadaye, mwenyekiti huyohuyo ndiye wa kwanza kuamua. Akishindwa, baraza la kata husuluhisha. Msigombane uani.

Maisha ya chumbani

Jambo moja tuliseme kwa nguvu kuliko mengine. Msiingize jiko la mkaa ndani ya chumba mnacholala.

Usiku wa mvua baridi huingia. Vijana wamerudi wameloa. Wamepika ugali nje, makaa bado ni mekundu. Mmoja anasema tuliingize jiko ndani, tupate joto na tukaushe sare. Wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Huingia katika damu na kuizuia isichukue hewa safi. Mtu huanza kuumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutaka kutapika, halafu usingizi humzidi. Aliyelala haamki. Moshi humfanya mtu akohoe na kukimbia, lakini hewa hii haimwamshi mtu. Makaa yasiyo na moshi yana hatari ileile. Sare itakauka asubuhi, au utavaa ikiwa mbichi.

Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje penye hewa, kisha mkimbizeni hospitali. Msimngoje azinduke mwenyewe.

Malaria nayo hukata mafunzo ya watu wengi. Chukua chandarua chako kutoka nyumbani. Usiseme mjini hakuna mbu. Ukipata homa nenda ukapime siku hiyohiyo, na mjulishe mkufunzi, ili usihesabiwe mtoro. Maji ya kunywa chemsha.

Chakula kiwe cha pamoja. Anayepika leo hachoti maji leo. Pangeni zamu na kuiandika ukutani, kwa maana vijana wengi hawagombani kwa sababu ya kodi. Hugombana kwa sababu ya sufuria isiyooshwa.

Wanawake wanaokwenda mafunzo

Wasichana na akina mama pia hujiunga na mgambo. Wazazi wengine huwazuia. Wengi hawaogopi mafunzo yenyewe. Wanaogopa pale binti atakapolala. Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni kupanga mapema.

Wanawake wawili au watatu wapange pamoja. Wachague nyumba ambayo mwenye nyumba anaishi humo na familia yake, na yenye choo kilicho karibu na mlango, si ng'ambo ya uwanja wenye giza. Kitasa kiwe kizima, na wanunue kufuli yao wenyewe. Mzazi au kaka aende siku ya kwanza, aonane na mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa, ili ijulikane kwamba binti huyu ana wenyewe.

Tena kodi ni fedha, si kitu kingine. Mwanamume yeyote akimwambia mpangaji kwamba chumba kitapungua bei kwa njia ya siri, huo si upole. Vilevile kwa mtu anayetoa ahadi ya nafasi au cheti kwa njia hiyo. Mwanamke asinyamaze. Awaambie wenzake, amwambie mwenyekiti wa mtaa, na aende polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Pia mzazi akiletewa habari hiyo asianze kwa kuuliza binti alivaa nini.

Waliobaki nyumbani

Miezi minne ni mirefu kwa anayebaki. Mume yuko kwata, mke yuko na watoto, ng'ombe na shamba. Kabla ya kuondoka kubalianeni siku ya kuongea kwa simu, kwa mfano kila Jumapili jioni. Kubalianeni pia ni akiba ipi isiyoguswa, na ni nani mwenye ruhusa ya kuuza mbuzi kama mtoto akiugua. Mke asipewe mbuzi wa kulisha tu. Apewe na uamuzi.

Fedha ikitumwa kwa simu, kila mmoja aandike katika daftari lake: tarehe, kiasi na kazi yake. Namba ya siri ya simu haiandikwi katika daftari hilo, wala haitajwi kwa mtu anayepiga simu na kusema anatoka kampuni ya simu.

Huu hapa ujumbe mfupi ambao mwanakisomo mmoja anaweza kumwandikia mwenzake. Unasomeka upesi, na hauna maneno ya bure:

"Mama watoto, hujambo? Chumba tumepata, tuko watatu. Nimelipa 36,000 mpaka mwisho wa mafunzo. Stakabadhi ninayo. Gunia la mahindi limefika. Palizi imefika wapi? Mtoto homa imepoa? Nijibu."

Siku za mwisho za mafunzo, mwambieni mwenye nyumba tarehe ya kuhama, kama mlivyoahidi. Fagieni chumba. Lipeni deni la maji. Rudisheni ufunguo mbele ya shahidi, na katika nakala zote mbili za stakabadhi andikeni: "Ufunguo umerudishwa leo tarehe ............, hakuna deni." Kila mtu atie sahihi. Mwaka ujao kijana mwingine wa kijiji chenu atabisha hodi katika nyumba ileile.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kwata: mazoezi ya askari ya kutembea na kusimama kwa amri.
Mpangaji: mtu anayelipa kodi ili akae katika nyumba ya mwingine.
Nakala: karatasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza.
Shahidi: mtu aliyeona na kusikia makubaliano.
Mkupuo: malipo yote kwa mara moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Mwanamgambo na kijana wa JKT wana tofauti gani kuhusu malazi?
2. Vijana wanne wamepanga chumba cha shilingi 28,000 kwa mwezi. Wamelipa miezi minne. Kila mmoja atatoa kiasi gani?
3. Kwa nini mama mwenye nyumba alikubali kupokea kodi ya miezi minne badala ya sita?
4. Andika stakabadhi ya shilingi 60,000, kwa tarakimu na kwa maneno. Mpe mwenzako aisome, atafute kosa.
5. Jirani yako amelala na jiko la mkaa ndani, na asubuhi haitiki mlangoni. Utafanya nini kwanza?
6. Katika kijiji chetu, ni nani aliyewahi kwenda mafunzo akarudi kabla hayajaisha? Kama anakubali, aje kisomoni atueleze fedha yake iliishia wapi.